SANDUKU GUMU LA SAFARI: NAMNA YA KULIPIMA KABLA YA KULILIPIA

(Somo la maarifa ya vitendo, limeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)



Katika maduka ya mijini siku hizi kuna masanduku makubwa ya plastiki ngumu, yenye magurudumu chini na mkono wa kuvutia juu. Wengine huyaita masutikesi, na mitaani watu husema begi la matairi. Hupangwa nje ya maduka kwa rangi za kila namna, makubwa kwa madogo, nayo yang'aa mno machoni. Bei zake zatofautiana sana. Masanduku mawili yafananayo kama mapacha huweza kupitana bei mara mbili, na mnunuzi asiyejua hana njia ya kutambua sababu. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mkakasi nao ulikuwa chombo cha kutilia vitu, kama lilivyo sanduku, kwa hiyo naona methali hii yatuhusu hasa katika somo hili.

Nimeliandika kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tutakapomaliza masomo tutasafiri mbali, wengine kwenda vyuoni, wengine kwenda kazini, na wachache kwenda ng'ambo. Hapana budi tujue kuchagua chombo cha safari. Pili, fedha ya sanduku haiokotwi njiani. Nyumbani kwetu mwaka huu ilitoka kwa mbuzi wawili. Mtu akiuza mbuzi wawili akanunua kitu kitakachovunjika stendi, basi amepoteza mbuzi na sanduku pamoja.

Neno kuu la somo hili ni hili, nami naomba mlishike kabla hatujaendelea: sanduku haliwi imara kuliko kiungo chake kilicho dhaifu kabisa. Ganda ndilo tulionalo na kulisifu, lakini mara nyingi si ganda livunjikalo kwanza. Mwenzetu mmoja wa bweni aliteremka garini mwanzoni mwa muhula na sanduku jipya lisilo na mkwaruzo hata mmoja. Lakini gurudumu moja lilikuwa limeng'oka pamoja na kipande cha plastiki kilicholishika. Tangu siku hiyo hulibeba kichwani. Ganda lake zima, safari yake haina magurudumu.

1. ASILI YAKE KWA UFUPI

Zamani msafiri alibeba sanduku lake mkononi, au alimlipa mpagazi. Mwaka 1970 Mmarekani mmoja, Bernard Sadow, aliomba hataza ya sanduku lenye magurudumu manne na kamba ya kuvutia, naye akapewa hataza hiyo mwaka 1972. Mwaka 1987 rubani Robert Plath, aliyekuwa akirusha ndege za Northwest Airlines, alibuni sanduku la magurudumu mawili lenye mkono mgumu, ambalo msafiri huliinamisha na kulivuta nyuma yake. Maganda ya plastiki yalikuwapo tangu zamani, lakini mwaka 2000 kampuni ya Rimowa ya Ujerumani ilianza kuuza sanduku la plastiki iitwayo polikaboneti, iliyo nyepesi na ngumu kupasuka. Masanduku tuyaonayo madukani leo yamechanganya mambo haya matatu: gurudumu, mkono, na ganda jepesi. Na kila moja la haya matatu laweza kufanywa vizuri au vibaya.

2. GANDA

Yako maganda ya namna tatu hasa. La kwanza ni la plastiki iitwayo ABS. Hii ni rahisi, ni ngumu, hushika rangi vizuri na hung'aa. Lakini ikipinda sana huweka alama nyeupe, na ikipigwa kwa nguvu huweza kupasuka. Pia jua kali la siku nyingi huidhoofisha. La pili ni la polipropilini. Ni nyepesi kuliko zote tatu, hupinda bila kukatika, na ukiishika waona kama ina utelezi wa nta. La tatu ni la polikaboneti, ambayo hubonyea ikipigwa kisha hurudi katika umbo lake. Hii ndiyo ya bei kubwa. Aghalabu masanduku ya bei nafuu ni ya ABS, au ya ABS iliyochanganywa na polikaboneti. Tazama lebo ya ndani: huandikwa ABS, PP au PC.

Je, ikiwa lebo haipo? Hapo fizikia yetu yaweza kutusaidia. Kila plastiki ina densiti yake, yaani tungamo la kila sentimita moja ya ujazo. Polipropilini ina yapata gramu 0.90, ABS yapata gramu 1.05, na polikaboneti yapata gramu 1.20. Maji safi yana gramu 1.00. Basi mwombe fundi wa mabegi vipande vidogo vya masanduku yaliyovunjika, uvilete maabara, ufanye hivi:

(a) Tia kipande katika bilauri ya maji safi, ukiwa umekifuta mapovu ya hewa. Kikielea ni polipropilini. Kikizama, endelea.

(b) Yeyusha gramu 180 za chumvi katika lita 1 ya maji. Maji hayo sasa yana densiti ya yapata 1.1. Tia kipande chako humo. Kikielea ni ABS. Kikizama chaelekea kuwa polikaboneti. Mchanganyiko wa hizo mbili hukaa katikati, huweza kuelea au kuzama.

Jaribio hili halihitaji chombo cha thamani, na kila darasa laweza kulifanya kwa kipindi kimoja. Bila shaka hatuwezi kukata sanduku la watu dukani. Lakini mtu aliyekwisha kushika vipande vilivyopimwa hivi, vidole vyake huanza kujua tofauti.

Dukani kwenyewe fanya jambo lingine. Weka kiganja katikati ya ubavu mpana wa sanduku, ukandamize. Ganda jema hubonyea kidogo, kisha hurudi kimya. Likilia kama kitu kikatikacho, au likibaki na alama nyeupe, liache. Halafu kandamiza pembe zote nane kwa dole gumba. Maganda mengi hufanywa kwa kupasha moto bapa la plastiki na kulivuta juu ya umbo. Panapovutwa sana ndipo plastiki huwa nyembamba, napo ni pembeni. Na pembe ndizo zinazotangulia kupiga chini sanduku lianguka­po. Kwa hiyo pembe laini ni dalili mbaya kuliko ubavu laini.

3. UKUBWA

Muuzaji atakuambia, "Hili ni kubwa, lachukua lita mia na zaidi." Usimbishie, toa utepe wa kupimia. Yafaa upime mara mbili, nje na ndani, kwa sababu vipimo hivi vina kazi mbalimbali.

Kipimo cha nje ni cha wenye ndege. Makampuni mengi ya ndege hutaka urefu, upana na kina vikijumlishwa visizidi sentimita 158, pamoja na magurudumu na mishikio. Tuchukue mfano wa sanduku lenye urefu wa sm 78 pamoja na magurudumu, upana wa sm 52, na kina cha sm 30:

78 + 52 + 30 = 160.

Limezidi kwa sentimita 2. Wengi husahau magurudumu, wakapima ganda peke yake, wakadhani wamo ndani ya kiasi. Tena yako masanduku yenye zipu ya pili ya kuongeza kina. Ukiifungua hiyo, sentimita nyingine zaongezeka, na sanduku lililokuwa halali lageuka kuwa haramu.

Kipimo cha ndani ni chako wewe. Sanduku hilo hilo ndani laweza kuwa na sm 70 kwa 48 kwa 27. Hebu tulinganishe:

Nje: 78 × 52 × 30 = 121,680, yaani yapata lita 122.
Ndani: 70 × 48 × 27 = 90,720, yaani yapata lita 91.

Tofauti ni lita 31, zaidi ya ndoo moja na nusu ya lita 20. Nafasi hiyo imeliwa na magurudumu, mishikio, unene wa ganda, na mabomba ya mkono wa kuvutia yapitayo nyuma ya bitana. Kwa hiyo akutajiaye lita, muulize, "Za nje au za ndani?"

4. UZITO

Hapa ndipo sanduku kubwa humdanganya mwenyewe. Safari nyingi za ndege za masafa marefu huruhusu kilo 23 kwa mzigo mmoja, ingawa nyingine huruhusu zaidi. Na makampuni mengi hayapokei mzigo mmoja uzidio kilo 32, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Sanduku lenyewe ni sehemu ya kilo hizo. Likiwa na kilo 5, umebakiwa na 18. Likiwa na kilo 4, umebakiwa na 19. Kilo moja yaweza kuonekana kitu kidogo, lakini ni jozi ya viatu, au kamusi nene.

Sasa tujaze vitabu katika lile sanduku la lita 91. Tukikisia kwamba kila lita ya vitabu ina kilo 0.7, tutapata yapata kilo 64. Hayo ni karibu mara tatu ya kiasi kinachoruhusiwa. Maana yake ni kwamba sanduku kubwa hujaa kilo kabla ya kujaa nafasi, isipokuwa limebeba vitu vyepesi kama mablanketi na nguo za baridi. Mwenye sanduku kubwa huona pengo, naye mwanadamu hapendi kuacha pengo. Huongeza hiki na kile, halafu akifika kwenye mizani hulipishwa, au hufungua sanduku mbele za watu akaanza kupunguza. Mtu wa vitabu na achukue sanduku la wastani.

5. MAGURUDUMU NA MKONO

Yapo masanduku ya magurudumu manne yazungukayo kila upande, na yapo ya magurudumu mawili yaendayo mbele na nyuma tu. Manne ni raha juu ya sakafu laini ya kiwanja cha ndege, kwa kuwa sanduku husimama lenyewe na mkono haubebi kitu. Lakini magurudumu hayo hutokeza nje chini ya ganda, na kila mmoja huning'inia juu ya kikono chembamba. Kikigongwa ubavuni hukatika. Magurudumu mawili aghalabu hufichwa nusu ndani ya ganda, nayo hupita vizuri zaidi penye kokoto na nyufa. Juu ya mchanga wa kijijini hakuna la mawili wala la manne: hapo sanduku hubebwa, na kwa sababu hiyo mishikio yake ni muhimu kama magurudumu.

Tazama vile vile gurudumu limefungwaje. Lililofungwa kwa skrubu laweza kufunguliwa na fundi akatia jingine. Lililopigwa ribiti hutaka kazi zaidi, kwa maana fundi hana budi kuzikata kwanza. Fungua zipu ya bitana ukaone. Masanduku mengi yana zipu hiyo, na wanunuzi wachache huifungua.

Kuhusu mkono wa kuvutia, uvute mpaka mwisho, uutikise. Mkono ukicheza kidogo si kosa, lakini ukiyumba kama jino bovu, uache. Bonyeza kitufe mara kumi, upandishe na kushusha mara kumi. Ukikwama mara moja dukani, utakwama mara nyingi safarini.

Sasa tufanye hesabu ya wenzo, iliyo katika masomo yetu. Sanduku la magurudumu mawili likiinamishwa, magurudumu ndiyo egemeo na mkono ndio mahali pa nguvu. Tuseme toka magurudumuni hata mkononi ni sm 100, na mzigo wote ni kilo 23. Vitu vikipangwa sawasawa, kitovu cha uzito kitakuwa yapata sm 39 toka magurudumuni. Mkono wako utabeba:

23 × 39 ÷ 100 = yapata kilo 9.

Lakini ukipanga vitabu na viatu chini, karibu na magurudumu, na nguo juu, kitovu cha uzito chaweza kushuka hata sm 25. Hapo mkono utabeba:

23 × 25 ÷ 100 = yapata kilo 5.8.

Umepunguza zaidi ya kilo 3 bila kutoa hata soksi moja. Mkono wa sanduku nao umepunguziwa mzigo, na maisha yake yameongezeka. Basi kumbuka: vizito karibu na magurudumu.

6. ZIPU, BAWABA NA KUFULI

Zipu ndiyo mlango wa sanduku. Iendeshe polepole mzunguko mzima, hasa penye pembe, maana hapo ndipo meno huachana. Tazama ushonaji unaounganisha zipu na ganda: nyuzi ziwe karibu karibu, zisiwe zimeruka. Jueni pia ya kwamba zipu ya meno ya plastiki huweza kutobolewa kwa ncha ya kalamu ya wino, kisha ikafungwa tena kwa kuirudisha tumbuu, na mwenye mali asijue. Kwa hiyo kufuli juu ya zipu humzuia mtu mwenye haya. Mwizi hasa haizuii. Fedha, vyeti, pasi na dawa visikae humo hata kidogo, vikae katika mkoba wa mkononi.

Masanduku mengi yana kufuli ya namba yenye alama ndogo nyekundu ya umbo la almasi. Maana yake ni kwamba wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani wana funguo za kuifungua bila kuivunja. Mpango huo ulianza mwaka 2003; lakini mwaka 2015 michoro ya funguo hizo ilienea hadharani, na mtu yeyote aliweza kuzitengeneza. Kufuli hiyo si mbaya, ila tusiipe sifa isiyo yake.

Na ikiwa sanduku lina betri ya kuchajia simu ndani yake, hakikisha betri hiyo hutoka. Betri za akiba za namna hiyo haziruhusiwi katika mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwa sababu ya hatari ya moto.

7. JARIBIO LA UNGA

Dada yangu amepata nafasi ya kusoma China, na katika likizo ya Juni jamaa walikaa kuzungumza habari ya sanduku lake. Mjomba alitaka kubwa kuliko yote. Alisema, "Aendaye mbali hivyo asije akaaibika kwa kimfuko." Bibi, ambaye ndiye mwenye wale mbuzi wawili, aliuliza neno moja tu: "Na tairi likitoka huko, mjukuu wangu, litatengenezwa na nani?" Hakuna aliyemjibu, nami niliona kwamba Bibi, ambaye hajapanda ndege, ameuliza swali kubwa kuliko yetu sote.

Basi tulikwenda mjini Tanga, mama, dada na mimi, tukiwa na utepe wa fundi cherehani na mifuko minne ya unga wa sembe ya kilo 5 kila mmoja. Unga ni mzani mzuri, kwa sababu umekwisha kupimwa kiwandani, hauvuji, na baadaye hupikwa. Mama alimwamkia mwenye duka, akamweleza haja yetu. Mzee yule alicheka, akasema, "Haya, pimeni mama, lakini mkilivunja mmelinunua." Tukakubali.

Tulilijaza kila sanduku kilo 20, tukalifunga, kisha tukafanya mambo manne: kuliinua kwa mshikio wa juu, kuliinua kwa mshikio wa ubavuni, kulivuta toka sakafuni mpaka barabarani na kurudi, na kulishusha ngazi mbili za duka gurudumu kwa gurudumu.

Sanduku la kwanza, lililokuwa kubwa na la kung'aa kuliko mengine, lilipoinuliwa kwa mshikio wa ubavuni ganda lilijikunja pale skrubu zilipoingia, tukaliweka chini upesi. La pili liliinuka vema, lakini barabarani gurudumu moja liliacha kuzunguka likawa laburutwa. La tatu lilikuwa la kijivu, halina mng'ao, na kipimo chake cha nje kilikuwa sentimita 152. Lilipita mambo yote manne, na magurudumu yake yalifungwa kwa skrubu. Bei yake ilikuwa chini ya lile la kwanza. Mwenye duka mwenyewe alilitazama la kwanza kwa muda, akaliondoa mbele akaliweka nyuma. Mama alililipia la kijivu, akaomba risiti, na Bibi alipoletewa habari alitaka kuonyeshwa zile skrubu.

8. TRANKA AU SANDUKU?

Mtu ataniuliza, je, mwanafunzi wa bweni naye anunue sanduku hili? Jibu langu ni hapana, isipokuwa ana safari nyingine mbele yake. Tranka la bati ni zito, na pembe zake huumiza. Lakini hufunguka kwa juu, nalo lakaa chini ya kitanda likafunguliwa kwa kuvutwa tu. Sanduku gumu hufunguka nusu kwa nusu kama kitabu, kwa hiyo lataka nafasi mara mbili sakafuni, nayo nafasi kati ya vitanda vyetu yajulikana ilivyo. Tena tranka hukaliwa kama kiti, panya hawalitoboi, na likibonyea fundi wa bati hulinyosha kwa nyundo. Kila chombo na njia yake: tranka kwa bweni, sanduku gumu kwa ndege na gari moshi, na mfuko laini wa turubai kwa buti la gari lililojaa, maana mfuko hukubali kubanwa.

9. BEI NA UNAFUU

Bei nafuu ni ipi? Si ile iliyo ndogo siku ya kununua. Tuseme, kwa mfano tu, sanduku la shilingi 90,000 lafanya safari 2 kisha lavunjika; na sanduku la shilingi 150,000 lafanya safari 10. La kwanza limegharimu shilingi 45,000 kwa kila safari, la pili shilingi 15,000. Aliyedhani ameokoa shilingi 60,000 amelipa mara tatu.

Lakini nataka kusema haki kwa upande wa pili. Mtu atakayesafiri mara moja kwenda na mara moja kurudi, kisha sanduku likae nyumbani kuhifadhi mashuka, hana haja ya kulipia safari 10. Kwake la shilingi 90,000 latosha, mradi limepita jaribio la unga. Hivyo, kabla ya kuuliza bei, jiulize hesabu ya safari.

10. HAKI YA MSAFIRI

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unahusu safari za ndege baina ya nchi zilizoukubali. Unasema kwamba mchukuzi huwajibika mzigo alioupokea ukipotea au kuharibika mikononi mwake. Lakini hawajibiki ikiwa uharibifu ulitokana na kasoro au ubora wa mzigo wenyewe. Mnaona basi kwamba mwenye sanduku dhaifu aweza kuambiwa, "Limevunjika kwa udhaifu wake," na asipate kitu. Malalamiko ya uharibifu hupelekwa kwa maandishi katika siku 7 tangu kupokea mzigo. Na ya mzigo uliochelewa, katika siku 21 tangu kuupata. Kwa hiyo piga picha ya sanduku lako kabla ya kulikabidhi, tunza risiti, na kabla ya kutoka kiwanjani lizungushe ulitazame pande zote. Jina lako na namba ya simu viandikwe nje na ndani pia, maana karatasi ya nje hukatika.

MUHTASARI

Usinunue ganda, nunua viungo. Kandamiza pembe. Pima nje pamoja na magurudumu, na pima ndani. Toa uzito wa sanduku katika kilo ulizoruhusiwa. Fungua bitana uone skrubu. Jaza kilo 20 uinue kwa kila mshikio. Hesabu safari zako kabla ya kuhesabu fedha. Mwenye duka akikataa sanduku lake lisijaribiwe, amekwisha kukujibu.

MASWALI

1. Sanduku lina urefu wa sm 76, upana wa sm 50 na kina cha sm 29, pamoja na magurudumu. Je, limo ndani ya sm 158? Likiongezwa kina kwa sm 5, litakuwaje?

2. Kipande cha ganda chazama katika maji safi, lakini chaelea katika maji ya chumvi yenye densiti ya 1.1. Yaelekea ni plastiki gani? Eleza sababu.

3. Mzigo wa kilo 20 una kitovu cha uzito sm 30 toka magurudumuni, na mkono uko sm 100. Mkono wabeba kilo ngapi?

4. Sanduku A ni shilingi 110,000 kwa safari 5. Sanduku B ni shilingi 80,000 kwa safari 4. Lipi nafuu zaidi? Lipi ungemshauri mtu wa safari mbili tu, na kwa nini?

5. Bibi aliuliza nani atalitengeneza tairi likitoka. Taja vitu vingine vitatu vya nyumbani ambavyo swali hilo lafaa kuulizwa kabla ya kuvinunua.

Wenye maarifa kuliko haya, hasa wale ambao wazazi wao ni mafundi wa mabegi, natumaini watashika kalamu watuandikie katika toleo lijalo.